Mzigo unavuka mpaka, faili la mgonjwa wa saratani ya damu labaki nyuma

Mfanyabiashara mdogo akifika Namanga au Busia na mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa na kusamehewa ushuru wa forodha, mradi bidhaa zimo kwenye orodha iliyokubaliwa. Akiwa anaugua lukemia sugu ya limfosaiti, hana cheti cha namna hiyo cha kuvusha matibabu yake.

Hii ni saratani ya damu ambayo kwa kawaida huenda polepole na huwapata zaidi wazee. Chembe nyeupe aina ya limfosaiti huongezeka kupita kiasi, lakini hazipambani na maradhi inavyopaswa. Wagonjwa wengi hawaanzishiwi dawa mara tu ugonjwa unapogunduliwa. Daktari bingwa wa damu huwafuatilia kila baada ya miezi kadhaa: hupima damu, hukagua tezi na bandama, huuliza kuhusu homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Huanzisha dawa baada ya kulinganisha hali ya sasa na ya zamani. Anayepimwa leo Kampala na baadaye Arusha bila majibu ya awali mkononi humlazimisha daktari kuanza upya.

Dawa nazo zina mpaka wake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza ibrutinib, dawa ya kumezwa kila siku, kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa ambao ugonjwa umewarudia au umeshinda tiba ya kwanza. Lakini bima za umma zimeundwa kwa sheria za kila nchi, na dawa inayolipiwa nyumbani hununuliwa kwa fedha taslimu ugenini.

Suala la haraka zaidi ni kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na mgonjwa huyu hashauriwi kuchanjwa kwa kuwa kinga yake ni dhaifu. Aliyechanjwa kabla ya kuugua ana nafuu: tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Kwa asiyechanjwa, Kanuni za Afya za Kimataifa zinamruhusu daktari kuandika sababu za kitabibu, kwa Kiingereza au Kifaransa, na maofisa wa mpakani wanatakiwa kuzizingatia. Asiyejua haki hiyo anaweza kukubali sindano yenye hatari kwake ili asikose soko.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiteua Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, kuwa kituo cha umahiri. Hatua hiyo ni njema, ila manufaa yake yatapungua kama faili la mgonjwa halitambuliwi ng'ambo ya pili. Nchi wanachama zilikubaliana kuhusu cheti cha mahindi na maharage. Fomu moja ya rufaa na ya majibu ya vipimo haiwezi kuwa ngumu zaidi. Hadi ipatikane, mgonjwa anayesafiri hana budi kubeba nakala za vipimo vyake na barua ya daktari pamoja na hati ya kusafiria.