Moto Hauhitaji Kuyeyusha Chuma

Wanaodai kuwa moto pekee hauwezi kuangusha jengo refu la fremu ya chuma hushikilia hoja moja: chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, na moto wa ofisini haufiki huko.

Kweli haufiki. Wala hauhitaji kufika.

Kwenye nyuzi 600, chuma hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Boriti hutanuka, hulegea, kisha huvuta nguzo. Tarehe 19 Januari 2017, jengo la Plasco mjini Tehran, lenye ghorofa 17, liliungua kwa saa kadhaa likaporomoka na kuua wazima moto 16. Halikugongwa na ndege; moto pekee ulitosha.

Dai hilo ni potofu, na kwa wazima moto ni la hatari.