Vyuo Vilifungwa, Miili Isifungwe

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Serikali ilifunga shule. Kesho yake ikafika zamu ya vyuo vikuu. Vijana wetu wa Kilwa na Lindi waliokuwa Dar es Salaam walifunga mizigo, wakavuka Daraja la Mkapa, wakarejea makwao. Vyuo vilifunguliwa tena Juni 1. Kwa muda wa miezi miwili na nusu hivi, msomi alikuwa mikononi mwa wazazi wake.

Hapa kwetu hakuna aliyefungiwa ndani. Wenzetu wa Kenya waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na huko Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kijana wa Kilwa Masoko alikuwa na ufukwe mbele yake na shamba nyuma yake. Hata hivyo, wapo waliorudi chuoni mwezi Juni wakihema kwa kupanda ngazi. Kwa nini?

Jibu ni kwamba chuoni mwanafunzi hutembea bila ya kujua kuwa anafanya mazoezi. Hutoka bwenini kwenda darasani, darasani kwenda maktaba, maktaba kwenda kula. Chuo kikifungwa, hatua hizo zote hupotea kwa siku moja, na mara nyingi hakuna kinachoshika nafasi yake. Uchunguzi mwingi uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo katika nchi za nje wakati huo ulionyesha hali hiyo hiyo: kutembea kulipungua na kukaa kuliongezeka. Kuhusu uzito, majibu hayakuwa ya namna moja. Wako walioongezeka na wako waliopungua.

Kwetu pia hapakuwa na namna moja. Ilikuwa masika. Aliyeshika jembe akapalilia, kisha akasaidia kuvuna ufuta, huyo hakuhitaji somo la mazoezi. Lakini wapo walioambiwa, "Wewe msomi, pumzika," wakashinda barazani na simu mkononi. Usiku walikesha, asubuhi walilala. Na kijana akinenepa, jamaa hufurahi wakisema, "Sasa ana afya." Hatuna budi kusema wazi kwamba unene si kipimo cha afya.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 1991-92 ulionyesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi nchini walikuwa kiasi cha asilimia 11; kufikia ule wa mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 28. Kisukari na shinikizo la damu hufuata njia hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha, na hakuna kiingilio.

Taifa letu si geni katika mambo haya. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilikataa kumtenga msomi na kazi ya mikono. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kando ya redio hadi vijijini. Wazee wengi wanakumbuka mchakamchaka wa alfajiri shuleni. Kwa hiyo mawaidha hayakukosekana. Kilichopungua ni utekelezaji.

Tunatoa wito kwanza kwa wazazi: mtoto akirudi likizo, apewe kazi ya nyumba na ya shamba kama ndugu zake. Pili, kwa halmashauri zetu: viwanja vya wazi visigawiwe kwa ujenzi, na kila mji uwe na mahali ambapo binti anaweza kukimbia au kucheza netiboli kwa heshima na usalama. Mvulana hupata mpira popote. Msichana akifungiwa, hufungiwa kweli kweli.

Tatu, kwa vyuo vyenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaanzisha kampasi mkoani kwetu. Tunaomba viwanja vya michezo na njia za miguu viwemo katika ramani tangu mwanzo, visije vikangojea fedha zitakazobaki. Na ikitokea tena vyuo vifungwe, mwanafunzi aondoke na ratiba ya mazoezi pamoja na ratiba ya masomo.

Gonjwa jingine halitabisha hodi. Samaki mkunje angali mbichi: kijana aliyezoea kutembea akiwa na miaka ishirini, hatahitaji kulazimishwa na daktari akifika hamsini.