Mashine Tunazo, Kongosho Hatulioni

Kila msimu wa bajeti ya afya tunahesabiwa mashine. Tumehesabiwa hivyo hasa tangu mwaka 2021, ulipokuja mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu yake ikanunua mashine za CT za hospitali za rufaa za mikoa. Siibezi mashine. Nabeza hesabu inayoishia mlangoni pa chumba chake.

Uvimbe wa kongosho ndio unaoiumbua hesabu hiyo. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, mbele ya uti wa mgongo. Mkulima wa Kilolo akiumwa chembe ya moyo hadi mgongoni na kupungua mwili, dawa ya kwanza atakayopewa ni ya vidonda vya tumbo. Ya pili pia. Miezi ikipita atapelekwa ultrasaundi, kwa kuwa ni nafuu, haina mionzi na ipo. Kipimo hiki ni hodari macho yakishakuwa ya manjano: huonyesha mirija ya nyongo iliyotanuka. Lakini kongosho lenyewe mara nyingi hufunikwa na hewa ya utumbo, hasa mkia wake.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. "Kongosho halikuonekana vizuri" na "kongosho halina tatizo" ni kauli mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi, lakini zikimfikia mgonjwa zote huwa "hatujaona kitu". Naye hurudi shambani akimshukuru Mungu.

CT ndiyo kipimo cha msingi cha kuuona uvimbe huu na kujua kama bado unaweza kuondolewa kwa upasuaji, yaani kama haujaikumbatia mishipa mikubwa ya damu. Ila si CT yoyote. Mgonjwa hudungwa dawa ya kontrasti mshipani, na picha huchukuliwa takriban sekunde 40 hadi 45 baadaye, wakati kongosho linang'aa na uvimbe umebaki na kiza chake. Ukizikosa sekunde hizo, au ukapiga picha bila dawa kwa sababu stoo imekauka au mgonjwa hana fedha, uvimbe mdogo utapita mbele ya macho yako.

MRI husaidia pale CT inaposhuku bila kuthibitisha, hasa kwenye mirija, vifuko vya majimaji na madoa ya ini. Ultrasaundi ya endoskopi, inayopitishwa kinywani hadi jirani na kongosho, huona hata uvimbe usiofika sentimita 2 na huwezesha kukata kinyama hapohapo. Sidai ifungwe kila mkoa kesho. Huo ungekuwa usomi wa kwenye makaratasi.

Ninachodai ni cha bei ndogo. Wizara itoe fomu moja ya ripoti ya ultrasaundi ya tumbo, inayomlazimu mpimaji kuandika kama kichwa, kiwiliwili na mkia wa kongosho vimeonekana. Mwenye dalili ambaye kongosho lake halikuonekana apewe rufaa ya CT bila kungojewa awe manjano. Picha isomwe kwa mtandao na daktari bingwa wa radiolojia popote alipo, kwani kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na hadi Dar es Salaam karibu 500. Picha hailipi nauli. Na wanaoandaa kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 watuambie waziwazi: dawa ya kontrasti imo au haimo?

Nitaambiwa ugonjwa huu huua tu, tusijisumbue. Nchini Marekani, wanaoishi miaka 5 baada ya kugundulika ni takriban asilimia 13. Wale ambao uvimbe wao haujatoka nje ya kongosho ni zaidi ya asilimia 40. Na hata asiyeweza kupasuliwa ana haki ya kujua anachougua, ili mrija wa nyongo uzibuliwe, apate morfini, na wanawe wasiuze ng'ombe wa mwisho kwa mganga.