Acheni Kupiga Windo Juu ya Sauti za Wazee

Mafundi wetu wa kompyuta wana sentensi moja wanayoitoa kama zahanati inavyotoa panadol: "Hii tupige windo tu." Laptopu imekuwa nzito? Piga windo. Imeingia virusi? Piga windo. Spika haitoi sauti? Piga windo. Mteja kauliza tu kama diski inaweza kugawanywa ili kazi zake zikae mbali na mfumo? Piga windo kwanza, halafu tugawe. Nimeichoka sentensi hii. Nimechoka zaidi na sisi watu wa vitabu tunaoipokea kwa kuinamisha kichwa, eti mambo ya diski ni ya watu wa kompyuta, sisi yetu ni fasihi.

Fasihi ipi, na inakaa wapi? Mswada wa siku hizi hauko kwenye daftari la kaunta chini ya godoro. Uko kwenye C, umewekwa pale pale mbele kwenye desktopu, na jina lake ni "riwaya mpya MPYA ya mwisho 2". Fasihi simulizi tunayoililia kila kongamano haiko tena kwenye kaseti. Iko kwenye diski hiyo hiyo, ndani ya programu ambayo aliyeinunua mashine aliikuta imo. Kwa hiyo anayeshika bisibisi pale mjini ndiye mhifadhi wetu wa nyaraka, tupende tusipende, na hakuna aliyemwambia kwamba ana kazi hiyo.

Kisa kinachonichoma ni cha Kalenga. Kwa asiyepajua, ni kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kando ya Ruaha Mdogo, palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa mpaka Wajerumani walipoivunja mwaka 1894. Mwalimu mmoja mstaafu wa huko, ambaye hataki jina lake liandikwe, alitumia zaidi ya miaka miwili kuwarekodi wazee wakizungumza Kihehe: hadithi, nyimbo za kutwanga, majina ya mashamba yaliyokwisha kugawanywa, nani alioa wapi. Hakuwa na vifaa vya redio. Alikuwa na laptopu iliyotumika, aliyoletewa na mwanawe kutoka Ulaya, na ndani yake mlikuwa na programu ya sauti na video iliyowekwa na kiwanda. Humo alirekodi, humo akapanga. Kila rekodi aliipa jina la msemaji, kitongoji na tarehe, akaweka na alama ndogo ndogo: hapa wimbo unaanza, hapa babu anamtaja shemeji yake, hapa asikike mtu mwingine asije akakasirika.

Alipopeleka mashine mjini hakuwa na shida yoyote. Mpwa wake alikuwa amemshauri diski igawanywe mara mbili, C ibaki ya mfumo, D iwe ya kazi. Ushauri mzuri kabisa. Fundi akahamishia mafaili ya nyaraka na ya muziki kwenye diski ya nje, akafuta kila kitu pamoja na sehemu zilizofichwa, akapiga windo, akakata vipande viwili, akarudisha mafaili. "Mama, kila kitu kipo," alimwambia, "na sasa hivi inaruka." Kwa lugha yake hakudanganya. Rekodi zaidi ya mia mbili zilikuwepo. Kilichokuwa hakipo ni programu, na pamoja na programu yakaenda majina. Maana yale majina na alama hayakuwa ndani ya faili la sauti. Yalikuwa kwenye hifadhidata ya programu, kwenye folda iliyojificha ndani ya C, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hafiki na fundi mwenye haraka hatazami. Mwalimu alibaki na mlolongo wa mafaili yenye namba za tarehe na saa. Sauti zipo, wenyewe hawajulikani.

Nasikia mtu anasema, si ainstoli tena? Haiwezekani kirahisi hivyo. Programu kama hizi zilikuja na leseni iliyolipiwa na mtengenezaji wa mashine, hakuna sidii, hakuna namba kwenye boksi. Kiwekeo chake mara nyingi kiko kwenye ile sehemu ya diski ya kurejesha mashine ilivyotoka kiwandani, na hiyo fundi aliifuta kwa sababu "inakula nafasi". Na hata ungeipata, ingefunguka ikiwa tupu. Maktaba ya mwalimu ilikuwa imeshafutwa.

Sasa, jambo ambalo mafundi hawapendi kulisikia: kugawa diski hakuhitaji kufuta chochote. Windows yenyewe, tangu Vista ya mwaka 2007, ina uwezo wa kuipunguza C ikiwa inafanya kazi na kukupa nafasi tupu ya kutengenezea D. Enzi za XP ilibidi utafute programu ya pembeni, na nadhani ndipo tabia hii ilipozaliwa, halafu ikarithiwa kama miiko ya ukoo. Unafungua kidhibiti cha diski, unabonyeza C kwa kitufe cha kulia, unachagua kupunguza, unaandika kiasi. Unangoja. Ukipata chai na mwenzako umemaliza.

Fundi mkweli atanijibu kwamba mara nyingine C inagoma. Diski ina gigabaiti 300 tupu lakini inakubali kuachia 40 tu. Ni kweli, na sababu inajulikana: katikati ya diski kuna mafaili ambayo mfumo hauruhusu yasogezwe, kama faili la kumbukumbu ya ziada, faili la kulaza mashine, na kumbukumbu za kurejesha mfumo. Zima hivyo kwa muda, washa mashine upya, punguza, kisha virudishe. Ni kazi ya kuongeza, nakubali. Basi ongeza na bei. Mwalimu angelipa.

Mtego wa pili ndio mbaya zaidi, na unawanasa hata wajuzi. Mashine nyingi za zama za Windows 7 zinatumia mpangilio wa zamani wa MBR, ambao haukubali zaidi ya sehemu kuu nne kwenye diski moja. Laptopu nyingi za HP za miaka ile zilitoka kiwandani nne zote zimeshajaa: ya kuwashia, C, ya kurejesha, na ya zana za HP. Ukijaribu kuongeza ya tano, Windows haikwambii "acha". Inakupendekezea igeuze diski nzima iwe ya aina inayoitwa dainamiki, na ukikubali, unaweza kujikuta sehemu ya kurejesha haifanyi kazi na kurudi nyuma ni mateso. Hapo dawa ni kunakili moja ya zile ndogo kwenye flashi au diski ya nje, kuhakikisha nakala inafunguka, ndipo uiondoe na kutumia nafasi yake. Mashine mpya zenye mpangilio wa GPT hazina ubanaji huo. Windows inaruhusu mpaka sehemu 128.

Na kwa nini hizo sehemu zilizofichwa ziheshimiwe? Kwa sababu kuna wakati programu ya muziki na filamu ilikaa humo humo. Katikati ya miaka ya 2000 Dell waliuza laptopu zenye MediaDirect, na HP wakawa na QuickPlay: unabonyeza kitufe, unaangalia DVD bila kuwasha Windows. Ile ya Dell ilijulikana kwa ukorofi. Ukigawa diski upya halafu ukabonyeza kitufe chake kwa bahati mbaya, inaweza kuvuruga jedwali la mgawanyo, na Windows isiwake tena. Mashine za aina hiyo bado zinazunguka kwenye mitumba yetu. Hata zile ambazo programu iko ndani ya C kama kawaida, zina jambo lake: codeki za DVD zilikuwa za kulipia, mtengenezaji kalipa. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 uwezo wa kucheza DVD uliondolewa kwenye toleo la kawaida, na Windows 10 ya mwaka 2015 ikaiua Media Center kabisa. VLC ni ya bure na inacheza karibu kila kitu, Mungu awabariki waliyoitengeneza. Lakini VLC inacheza faili. Haijui kwamba dakika ya kumi na mbili ndipo babu anaanza kulia.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Programu zibaki C, usizihamishe kwa kukata na kubandika, kwa sababu mfumo unazikumbuka kwa anwani. Herufi za diski usizichezee; kama kiendeshi cha DVD ni D, kiache, sehemu mpya iitwe E, kwani kuna programu za zamani zinazokitafuta kiendeshi kwa herufi ile ile. Kisha folda za muziki na video zihamishwe kwa njia ya sifa za folda, kwenye kipengele cha mahali ilipo, siyo kuburuta. Ukifanya hivyo, programu inayoiuliza Windows "muziki uko wapi" itaelekezwa sehemu mpya. Na kabla ya yote hayo, hifadhidata ya programu inakiliwe nje, hata kama mteja hajui kwamba ipo.

Watu wa kompyuta watanirukia: vitu vinavyokuja na mashine ni takataka. Nusu ni takataka, ndiyo. Antivirusi za majaribio ya siku 30, michezo, vibandiko vya kukutangazia biashara. Ondoeni. Lakini ulizeni kwanza kipi kinatumika. Watasema pia kwamba patisheni siyo nakala, diski ikifa C na D zinakufa pamoja. Hapo hawana mpinzani. D inakukinga na fundi, haikukingi na diski kuanguka sakafuni. Nakala lazima iwe kwenye kifaa kingine, na ikiwezekana kwenye nyumba nyingine. Lakini mtu anayejibu "ungekuwa na nakala" kila anapofuta kazi ya mwenzake anafanana na dereva anayegonga baiskeli halafu akauliza kwa nini huna bima.

Nije kwetu sasa. Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani kilipochukua nyaraka za Salman Rushdie kilichukua na kompyuta zake. Mwaka 2010 walipozifungua kwa watafiti hawakutoa mafaili peke yake. Waliunda upya mazingira ya mashine yake ya zamani, msomaji akae mbele ya skrini kama aliyokuwa akikaa yeye, na programu zile zile. Walielewa kwamba faili bila programu yake limekatwa ulimi. Na Terry Pratchett aliyetaka kazi zake ambazo hazijakwisha ziharibiwe, mwaka 2017 diski yake ilipondwa kwa mashine ya kushindilia barabara, kwa wosia wake mwenyewe. Huyo alichagua. Mwalimu wa Kalenga nani alimuuliza?

Sisi tunafanya warsha za uandishi za siku tatu, fulana, begi, chakula cha mchana, mada kuhusu "uhifadhi wa fasihi simulizi katika zama za kidijiti", na hakuna hata saa moja ya kumwonyesha mtu jinsi ya kuipunguza C. Mshiriki anarudi nyumbani na cheti, na mswada wake uko pale pale kwenye desktopu. Nimehudhuria nyingi. Msamiati wa nadharia nimeujaza kwenye madaftari, ila sijawahi kusikia mtoa mada akitamka neno patisheni.

Na Kalenga kuliko mahali popote pangetakiwa kutufundisha. Fuvu la Mkwawa lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi sita. Hakikufanyika kitu. Gavana Twining alipokwenda kulitafuta Bremen miaka ya 1950, alikuta makumbusho yenye mafuvu kama 2000, na 84 kati yake yametoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ikabidi yapimwe na kulinganishwa na vipimo vya ndugu wa Mkwawa walio hai, kisha kati ya yaliyokaribiana likachukuliwa lile lenye tundu la risasi. Lilirudi mwaka 1954 na lipo pale makumbusho mpaka leo, na bado wapo wanaouliza kama ndilo. Swali hilo halitakwisha, kwa sababu aliyelichukua hakuona haja ya kutunza jina pamoja na mfupa.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, vibanda vya mafundi vimejaa. Watu wameambiwa mashine zao zimepitwa na wakati, na dawa ni ile ile. Kila moja ya laptopu hizo ina kitu ambacho mwenyewe hajui kiko folda gani.

Mwalimu anaendelea na kazi. Jioni anakaa na watoto wa wale wazee, anawachezea sauti moja moja, wanamwambia huyu ni baba, huyu ni mama mdogo. Wazee watatu kati ya aliowarekodi wameshafariki. Kuna faili moja, bibi anaimba wimbo wa kutwanga na kinu kinasikika nyuma yake. Watu wanne wameshalisikiliza, na wametaja majina manne.