Baga Kali Nairobi: Uliza Simu Yako

Kila wikendi swali ni lile lile: baga kali Nairobi iko wapi? Wengine watakutuma Mama Rocks, waliojulikana kwa gari lao la chakula pale Alchemist, Westlands. Wengine wanaapa kwa Big Square. Huo ugomvi hatuuingilii. Ila picha za mtandaoni tusiziamini sana, maana baga ya picha haipoi wala mkate wake haulowi.

Hebu fungua taarifa ya malipo yako ya miezi 3. Ni mkahawa upi umeulipa mara ya pili, ya tatu, bila ofa na bila rafiki kukuvuta mkono? Hapo ndipo baga yako ilipo. (Kama ni kibanda cha smokie karibu na steji, usione haya.)

Halafu angalia jumla uliyolipa. Chipsi mara nyingi ni kando, na ukiagiza uletewe nyumbani kuna pesa ya mtu wa boda. Baga ya "bei poa" inaweza kukufikia ikiwa ghali kuliko ile ya kukaa mezani, tena baridi.

Wakati wa kulipa, tumia till ya mkahawa na usome jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo. Mhudumu akisema "tuma tu kwa nambari yangu", kataa kwa upole. Pesa ikishaingia kwa simu yake na oda ikosewe, meneja atakuuliza: sisi ulitulipa lini?