Wati za Kwenye Boksi Zisile Bumu Lako

Bumu langu la mwaka wa kwanza liliishia kwenye amplifaya iliyoandikwa wati 1,000. Rumeti akacheka, mimi nikanuna. Wiki ya pili tu, ukipandisha sauti kidogo besi inakwaruza. Fundi alipoifungua akanionyesha transfoma yake, kadude kadogo: "Mdogo wangu, hizo wati elfu zinatoka wapi hapa?"

Wati za PMPO ni za kufumba na kufumbua. Za kuhesabu ni za RMS, zile ambazo mashine inazitoa mfululizo. Tena ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio linaona tofauti ndogo. NAD 3020, amplifaya ya transista ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliandikwa wati 20 kila upande, na mpaka leo wapenda muziki wanaisaka mtumba.

Kwa hiyo, wanachuo wenzangu, kabla hujatoa hela uliza RMS, hakikisha omu za spika zako inaziweza, inyanyue uone uzito, kisha sikiliza wimbo unaoujua vizuri. Muuzaji akigoma kuiwasha, sepa. Stika haipigi muziki.