Wino Mwekundu na Insha ya Mama wa Kuze

Mtaani Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, si rahisi mwalimu kumkwepa mwanafunzi wake. Vichochoro ni vyembamba na kila mtu apita pale pale. Ndivyo nilivyokutana na mama mmoja aliyejiunga na masomo ya chuo kikuu baada ya kulea na kuoza. Nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akatoa insha mkobani, na papo hapo nikageuka kutoka mwana nikawa mwalimu.

"Mwalimu, hapa umeandika 'haieleweki'. Nambia ni neno lipi hukulielewa, nikweleze."

Sikuwa na jibu. Insha ile niliisahihisha usiku, ikiwa katikati ya rundo, na kurasa zake zilijaa wino mwekundu. Nilikuwa nimezungushia "ndia" nikaandika juu yake "njia". "Mato" nimeyafanya "macho", na "kitwa" nimekifanya "kichwa". Maneno hayo yote nayaelewa tangu utotoni, na nyumbani hadi leo nayatamka. Mwishoni nikatia alama ya chini, na neno lile moja.

Kilichonisikitisha zaidi nilikiona nilipoisoma upya kwa utulivu. Mama yule alikuwa akijadili tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Hoja yake ilikuwa kwamba ugumu wa baadhi ya tungo hizo hautokani na ukale wa maneno peke yake. Zilitungwa zama za uhasama baina ya Mombasa na Lamu, na baina ya Wamazrui na Sultani Seyyid Said, ili mwenyeji azifahamu na mgeni apite bila kufahamu. Kwa hiyo, alisema, msomaji wa leo asiulize neno lina maana gani tu, bali aulize pia lilikuwa likifichwa nani. Hoja hiyo ina upungufu, maana hakutaja hata utungo mmoja ambao haungii katika kanuni yake. Lakini ni hoja, na juu yake mimi sikuandika hata herufi moja.

Wenzangu watasema kwamba mtahiniwa ni lazima aandike Kiswahili sanifu. Nami nakubali. Ajabu ya historia ni kwamba uamuzi wa kuijenga lugha sanifu juu ya Kiunguja ulipitishwa katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, mwaka 1928, na Kimvita kikaachwa. Hayo yamekwisha pita, na anayemficha mwanafunzi kaida hiyo hamtendei hisani, kwani kesho atasomwa na watu wa Kisumu na Dodoma. Hata hivyo, kumwambia mtu kwamba neno lake si la sanifu ni jambo moja. Kumwambia kwamba haeleweki ni jambo jingine, tena ni uongo.

Katika kusahihisha insha za watu wazima tuna makosa ya namna mbili. La kwanza ni hilo langu. La pili ni la kuwaonea haya: mwalimu kijana huona vibaya kumkosoa aliye rika la mama yake, akaandika "Vizuri" na kupita. Huo ni ubahili uliovishwa joho la adabu. Mtu aliyeacha usingizi na dukani kwake ili aandike kurasa kumi hakuja chuoni kutafuta heshima. Heshima anayo tayari mtaani.

Tazameni desturi tuliyo nayo wenyewe. Chuoni, nikikusudia chuo cha Kurani, mtoto akikosea hukatizwa pale pale, akarudia mbele ya mwalimu mpaka ikae sawa, na kesho husikilizwa tena. Maoni yetu sisi wahadhiri humfikia mwanafunzi muhula umekwisha, wakati ambapo hana la kuyafanyia. Hata hizo tungo za Muyaka zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdalla alizikusanya na kumfafanulia mmishenari W. E. Taylor maneno na visa vyake. Bila maelezo hayo ya pembeni, tungo nyingi leo zingekuwa kitendawili.

Tangu siku ile nimeacha kutia alama katika rasimu ya kwanza. Huisoma yote kabla ya kushika kalamu, nikamwandikia mwanafunzi kwanza nilivyoielewa hoja yake, kwa sentensi kamili, kisha swali moja au mawili anayopaswa kuyajibu. Ya lugha huchagua yale yanayojirudia, nikaeleza kanuni yake mara moja. Ni kazi ndefu, na kwa darasa la watu mia mbili haiwezekani. Hilo vyuo vyetu vijibu wenyewe.

Mama wa Kuze ameleta rasimu ya pili juzi. Ametia utungo unaopingana na hoja yake, akaujadili. "Ndia" ameiacha mahali pamoja tu, na pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi sababu ya kuiacha. Bado sijaamua kama nitakubaliana naye.